Uwanja Kwanza, Sebule Baadaye: Kuandaa Makazi ya Nakuru kwa Kiangazi

Kiangazi cha Nakuru na maeneo ya kati ya Bonde la Ufa huanza mvua za vuli zinapokatika mwezi wa Desemba, kikaendelea hadi Machi, na katika miezi hiyo nyumba hupimwa kwa mambo manne: vumbi, jua la mchana, upungufu wa maji na baridi ya usiku. Familia nyingi hukabiliana na msimu huo kwa kubadilisha mapazia, kununua mito mipya ya makochi na kupaka rangi sebuleni, hali ya kuwa vumbi linaloharibu mapazia hayo, joto linalopenya ukutani na maji yanayokosekana bafuni vyote chanzo chake kiko nje ya mlango. Makala haya yanatetea hoja moja, kwamba katika mazingira ya Nakuru anayetaka nyumba iburudishe wakati wa kiangazi anapaswa kuanza na uwanja, kivuli na maji, kisha aende kwenye paa na kuta, na kufika kwenye vyombo vya ndani mwishoni.

Kiangazi cha nyanda za juu

Jiji la Nakuru, lililopewa hati ya kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na kusini kidogo ya ikweta, umbali usiofika nusu digrii. Kwenye mwinuko kama huo hewa ni nyepesi, na wakati wa kiangazi huwa kavu na yenye mawingu machache, hivyo joto la jua hufika ardhini upesi mchana na kutoroka upesi vilevile usiku. Matokeo yake ni kwamba siku moja ya Januari au Februari inaweza kufikia nyuzijoto 27 au zaidi alasiri, kisha alfajiri ikashuka hadi karibu na nyuzijoto 10. Hali hiyo haitofautiani sana Naivasha na Gilgil; Molo, iliyo juu zaidi, huwa na baridi kali zaidi, na anayeteremka kaskazini kuelekea Marigat hukutana na joto ambalo halimwachi hata usiku.

Tofauti hiyo ya mchana na usiku ndiyo inayofanya ushauri mwingi wa kutoka kwingine usifae. Nyumba ya Mombasa au Lamu, ambako usiku ni wa joto, huhitaji kupitisha upepo saa zote, ilhali nyumba ya Nakuru huhitaji kuzuia jua mchana na kuhifadhi joto kiasi kwa ajili ya usiku. Vilevile majarida ya mapambo ya Ulaya huhimiza wasomaji wahamishie maisha nje kati ya Juni na Agosti, miezi ambayo Nakuru huwa na ubaridi na mvua, Agosti ikiwa mara nyingi miongoni mwa miezi yenye mvua nyingi zaidi. Mwenye nyumba anayefuata kalenda hiyo atanunua viti vya nje wakati wa kuloa, na kukosa maandalizi wakati wa jua.

Wakazi wa kale wa eneo hili walielewa kwa namna yao umuhimu wa kuanza na uwanja. Katika Hyrax Hill, kilima kilicho kando ya barabara ya kuelekea Nairobi ambako Mary Leakey alifanya uchimbuzi wa kiakiolojia mwishoni mwa miaka ya 1930, yapo mabaki ya yale yanayoitwa mashimo ya Sirikwa, yaani mazizi yaliyochimbwa ardhini kama bakuli, kila zizi likiwa na nyumba iliyoungana nalo, ambayo watu waliingia kwa kupitia zizini. Katika mpangilio huo uwanja uliozama haukuwa nafasi iliyobaki baada ya kujenga; ulikuwa sehemu ya kwanza ya makao, uliochimbwa kwa makusudi na kuamua sura ya kila kilichofuata.

Vumbi na ardhi ya majivu

Udongo wa Nakuru umetokana kwa kiasi kikubwa na majivu na mawe mepesi yenye vitundu yaliyorushwa na volkano, hasa Menengai, ambayo kasoko yake, yaani shimo kubwa lililobaki baada ya kilele cha mlima kubomoka na kudidimia, ina ukubwa wa takriban kilomita 90 za mraba. Chembe za udongo huo ni nyepesi na hazishikamani sana, kwa hiyo unapokauka hutimuliwa na upepo, magari na hata nyayo za watoto wanaocheza. Sehemu kubwa ya vumbi linalotua juu ya meza za Kiamunyi, Lanet, Free Area au Kivumbini hutoka karibu: barabara isiyo na lami, kiwanja cha jirani kisichojengwa, na uwanja wa nyumba yenyewe. Barabara na kiwanja cha jirani haviko mikononi mwa familia, lakini uwanja wake uko.

Desturi ya kufagia uwanja mpaka udongo ung'ae ina sababu zake nzuri, kwa kuwa uwanja mweupe huonyesha nyoka mapema na hauwapi wadudu mahali pa kujificha. Hata hivyo, kwenye ardhi ya majivu fagio huvunja tabaka jembamba lililoshikana juu ya udongo baada ya mvua, na kila asubuhi hufungua vumbi jipya. Njia ya kati ni kufagia vijia na eneo la karibu na mlango pekee, baada ya kunyunyiza maji kidogo, na kufunika sehemu nyingine zote kwa kitu kimojawapo kati ya nyasi, changarawe, matofali ya kabro au matandazo.

Nyasi inayofaa zaidi nyanda hizi ni ile inayojulikana kwa jina la Wakikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na ambayo leo hupandwa kwenye viwanja vya michezo na malisho ya nchi nyingi duniani. Wakati wa kiangazi majani yake hugeuka kahawia na wengi hudhani imekufa, kumbe mashina yake yanayotambaa chini ya udongo bado ni hai na yatachipua mvua ikinyesha. Haihitaji kumwagiliwa kila siku, na asiyekuwa na maji ya kutosha anaweza kuiacha ilale. Anayetaka ibaki kijani ainyweshe kwa wingi mara moja kwa wiki, wakati wa jioni, ili maji yafike kwenye mizizi ya chini, kwa sababu kunyunyiza kidogo kila siku huilea mizizi iwe ya juujuu na iungue upesi. Ni muhimu pia isikatwe hadi kwenye ngozi ya ardhi: ikiachwa na urefu wa sentimita 5 hadi 7 huutia udongo kivuli na kushika vumbi linalopita.

Kabro, yaani matofali madogo ya zege yanayopangwa bila saruji katikati, humaliza vumbi kabisa na ndiyo sababu yameenea sana, lakini uwanja uliofunikwa wote kwa kabro huhifadhi joto la mchana na, mvua inapofika, husukuma maji yote upande mmoja. Udongo wa majivu ya volkano hubebwa na hubomoka kwa urahisi maji yanapokusanyika mahali pamoja, na mtaro uliojichimba wenyewe kando ya msingi wa nyumba ni hasara kubwa kuliko vumbi lolote. Kwa sababu hiyo inashauriwa kabro zitumike kwenye njia ya gari na mbele ya mlango, na nafasi nyingine ziachwe zinywe maji. Changarawe ni nafuu zaidi, hupitisha maji, na huhitaji tu kuwekewa kingo za mawe ili isitawanyike.

Matandazo ni tabaka la mimea mikavu linalowekwa juu ya udongo kuzunguka mimea ili kupunguza uvukizi, na katika eneo hili yanapatikana bila gharama kubwa: makapi ya ngano kutoka Njoro na Mau Narok, mabua ya mahindi kutoka Bahati na Rongai, au majani yanayokusanywa chini ya miti. Tabaka la sentimita 5 hadi 10 hutosha, mradi lisigusane na shina la mmea wala ukuta wa nyumba, kwa kuwa mchwa hulitumia kama daraja.

Kivuli na pembe ya jua

Kwa kuwa Nakuru iko karibu mno na ikweta, jua la saa sita mchana hupita karibu na utosi nyakati za Machi na Septemba, huelemea kaskazini mwezi wa Juni, na mwezi wa Desemba huelemea kusini kwa takriban digrii 23. Maana yake ni kwamba katika kiangazi kikuu ukuta wa kusini ndio unaopigwa na jua la adhuhuri, lakini jua hilo liko juu sana kiasi kwamba hata upenu, yaani sehemu ya paa inayojitokeza nje ya ukuta, unaweza kulizuia. Upenu wenye upana wa sentimita 60 hutupa ukutani kivuli cha takriban mita 1.4 wakati wa adhuhuri ya Desemba, na hiyo hutosha kulinda dirisha la kawaida.

Hali ni nyingine kabisa upande wa magharibi. Ifikapo saa kumi na moja jioni jua limeshuka sana, na upenu uleule wa sentimita 60 hautupi zaidi ya theluthi ya mita ya kivuli, kwa hiyo mwanga huingia moja kwa moja dirishani na kufika hadi kwenye makochi. Kuongeza upenu upande huo ni kupoteza fedha. Kinachohitajika ni kivuli cha wima, yaani kitu kinachosimama mbele ya ukuta badala ya kuning'inia juu yake. Ua wa miti, mmea unaotambaa kwenye waya, au wavu wa kivuli unaouzwa na wenye maduka ya kilimo hufanya kazi hiyo vizuri kuliko pazia zito, kwa sababu pazia hulipokea joto likiwa tayari limeshaingia ndani ya kioo.

Kwa mimea inayotambaa, pasheni ina faida mbili, kwa kuwa hutoa kivuli kizito na matunda, ingawa huhitaji maji ya mara kwa mara. Bogenvilia, ambayo asili yake ni Amerika Kusini, huvumilia ukavu zaidi. Sehemu zake zenye rangi kali ni majani maalumu yanayozunguka ua dogo jeupe lililo katikati, na mmea unaonyweshwa sana hutoa majani ya kijani mengi na rangi kidogo, hivyo ubahili wa maji huipendezesha badala ya kuiumiza. Ua wa kayaba, mmea wenye miiba mirefu uliozoeleka kuzunguka maboma ya Bonde la Ufa, huzuia wezi, mifugo na vumbi la barabarani kwa pamoja, lakini hukua polepole na hudai kukatwa kila mara.

Miti ya kivuli nayo huchaguliwa kwa kutazama mahali. Mgunga wenye gome la manjano, unaopamba kingo za Ziwa Nakuru na Ziwa Naivasha, hupenda maji yaliyo karibu chini ya ardhi na hautastawi vivyo hivyo kwenye mteremko mkavu wa Menengai. Kwenye mteremko kama huo leleshwa, kichaka cha asili chenye majani ya rangi ya fedha na harufu inayofanana na kafuri, huhimili ukame bila kumwagiliwa pindi kinaposhika mizizi, na kikipogolewa huwa ua mzuri. Mgrevilea hukua haraka na hupunguza nguvu ya upepo, ilhali mkaratusi na mitini mikubwa haifai karibu na nyumba kwa sababu mizizi yake huingia kwenye mabomba na kutikisa misingi. Mti wowote unaotarajiwa kuwa mkubwa upandwe umbali wa angalau mita 5 kutoka ukutani, na upande wa magharibi kabla ya upande mwingine wowote.

Maji yasiyotosha na maji yasiyofaa

Katika mitaa mingi ya Nakuru maji ya bomba huja kwa zamu, na kiangazi huongeza siku za kungoja. Hesabu ya kuvuna maji ya mvua ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 60 za mraba, ikipata mvua moja nzuri ya milimita 20, huangusha lita 1,200, na hata ikipoteza sehemu ya tano kwa michirizi na mifereji mibovu, bado tangi la lita 900 litajaa kwa mvua hiyo moja. Kinachokosekana kwa kawaida ni mifereji ya paa iliyonyooka na iliyosafishwa, kazi ambayo hufanyika vizuri wakati wa ukavu, kwa kuwa vumbi na majani yaliyojaa humo ndiyo yatakayoingia kwenye tangi siku ya mvua ya kwanza. Ndiyo maana maji ya dakika za mwanzo za mvua hiyo huachwa yamwagike.

Maji ya visima virefu, ambayo familia nyingi hununua kwa mikokoteni na malori, yana tatizo la pili. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huyaongezea floraidi, madini ambayo kwa kiasi kidogo hulinda meno lakini yakizidi huyatia madoa ya kahawia na kudhuru mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya eneo hili hupita kiwango hicho. Ndiyo sababu Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianzisha kazi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya wanyama. Athari ya floraidi huonekana pia kwenye mimea ya ndani, ambapo dresina na mimea mingine yenye majani marefu membamba huanza kukauka ncha, ncha hizo zikawa za kahawia kana kwamba zimeunguzwa na moto. Mwenye mmea huongeza maji akidhani una kiu, na hali huzidi kuwa mbaya kwa sababu kila kikombe cha maji ya kisima huongeza floraidi kwenye majani. Dawa yake ni kuunywesha maji ya mvua.

Maji yaliyokwisha kutumiwa kuogea au kufulia yanaweza kumwagiwa miti na maua, ila yasitumike kwenye mboga zinazoliwa mbichi wala kulazwa kwenye ndoo zaidi ya siku moja, kwani hunuka na kuzalisha mbu. Kwa sababu hiyohiyo kila tangi, pipa na jerikeni lazima lifunikwe.

Paa, kuta na rangi

Nyumba nyingi za Nakuru huezekwa kwa mabati, na bati lililo juani alasiri laweza kupita nyuzijoto 50, kisha likarusha joto hilo chini kwa walio ndani. Kuna njia tatu za kupunguza athari yake. Ya kwanza ni dari, kwa sababu hewa iliyo kati ya bati na dari hufanya kazi ya blanketi mchana na usiku, na familia isiyo na uwezo wa mbao za dari hupata nafuu hata kwa kitambaa kizito au turubai lililowambwa vizuri. Ya pili ni matundu ya hewa kwenye ncha za paa, juu ya dari, yanayoruhusu hewa moto kupanda na kutoka, na matundu hayo huwekewa wavu ili popo na ndege wasiingie. Ya tatu ni rangi nyeupe au nyepesi juu ya bati, ambayo hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua badala ya kuumeza.

Wenye nyumba za zamani zilizoezekwa kwa asbesto wanapaswa kuchukua tahadhari ya pekee. Kanuni za Kenya za usimamizi wa taka za mwaka 2006 zinaihesabu asbesto kuwa taka hatari, kwa kuwa nyuzi zake zikivutwa na pumzi husababisha saratani na magonjwa mengine ya mapafu baada ya miaka mingi. Paa hilo halifai kutobolewa, kusuguliwa kwa brashi wala kupigwa msasa kwa ajili ya rangi mpya. Kazi ya kuliondoa hufanywa na watu walioidhinishwa, kwa kufuata masharti ya Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira.

Kuta za mawe hupokea joto polepole na kulitoa polepole, na jambo hilo ni baraka kwa usiku wa Nakuru iwapo halitazidi. Rangi nyepesi hufaa kuta za magharibi na kusini, na ule mtindo wa mafundi wa kupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi nzito ya mafuta, hadi karibu usawa wa kiuno, si pambo tu: huficha matope yanayorushwa na mvua na huoshwa kwa kitambaa bila kuchubuka. Kabla ya kupaka, ukuta ufutwe vumbi kwa maji na uachwe ukauke, kwani rangi inayokaa juu ya vumbi hubanduka kama ganda. Fundi mzuri hulifuata kivuli, akipaka upande wa magharibi asubuhi na wa mashariki alasiri, kwa kuwa rangi inayokaukia kwenye ukuta wa moto hupasuka kabla ya kushika. Rangi ya zamani inayobanduka isipigwe msasa ikiwa kavu penye watoto, maana huenda ina madini ya risasi, na rangi mpya ichaguliwe inayotimiza kiwango cha Kenya cha risasi isiyozidi sehemu 90 kwa milioni.

Ndani ya nyumba

Uwanja ukishafunikwa, ukuta wa magharibi ukapata kivuli na maji yakawekwa tayari, kazi ya ndani huwa ndogo na matokeo yake hudumu. Msingi wake ni kupunguza vitu vinavyokamata vumbi. Zulia nene hukunjwa na kuhifadhiwa baada ya kupigwa na kuanikwa, sakafu ikabaki na mkeka unaokung'utwa kila siku. Vitambaa vya kufumwa vinavyofunika makochi, ambavyo ni fahari ya sebule nyingi za Bonde la Ufa, hupunguzwa vikabaki vile vinavyofuliwa kila wiki. Magodoro huanikwa juani asubuhi hadi alasiri, yakigeuzwa, na mablanketi mazito hufuliwa sasa kwa sababu hukauka kwa siku moja, jambo lisilowezekana mwezi wa Julai.

Kupangusa kwa kitambaa chenye unyevu ni bora kuliko kukung'uta, kwa maana kitambaa kikavu huhamisha vumbi kutoka mezani kwenda hewani. Ratiba ya madirisha nayo ina umuhimu wake: yafunguliwe pande mbili zinazokabiliana mapema asubuhi, hewa ikiwa tulivu na safi, kisha ya upande wa upepo na jua yafungwe kuanzia adhuhuri vumbi linapopanda, na kufunguliwa tena jioni kwa muda mfupi kabla ya baridi kuingia.

Wapangaji, ambao ni wengi mjini, hawana uhuru wa kupanda miti wala kubadilisha paa, lakini kanuni ni ileile kwa kipimo kidogo. Chumba cha ploti au nyumba ya ghorofa ina mlango, dirisha na pengine roshani. Wavu wa kivuli uliofungwa nje ya roshani ya magharibi, debe mbili za mshubiri au dania, gunia la sukuma wiki linalonyweshwa maji yaliyooshea mboga, na zulia dogo la kufutia miguu nje ya mlango hufanya kazi kubwa kuliko seti mpya ya mapazia, na vyote huhama pamoja na mwenyewe. Penye uwanja wa pamoja, wapangaji wakikubaliana na mwenye ploti kununua lori moja la changarawe, gharama hugawanyika na vumbi hupungua kwa wote.

Jioni nje ya nyumba

Kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku uwanja wa Nakuru huwa mahali pazuri kuliko chumba chochote, na hapo ndipo viti vya nje vina kazi. Mbao za saiprasi zinazotumiwa na mafundi wa jua kali ni za bei nafuu, lakini jua la mwinuko huu, lenye mionzi mikali kuliko ile ya pwani, huzipasua na kuzipausha upesi zisipopakwa mafuta au vanishi mara moja au mbili kwa mwaka. Mito ya viti iwe na maganda ya kuvuliwa na kufuliwa, na ihifadhiwe ndani usiku kwa sababu ya umande.

Dhidi ya mbu wa jioni, Nakuru ina zao lake yenyewe. Pareto, ua jeupe mfano wa deizi linalolimwa Molo na kwingineko katika nyanda za juu, lina viambato vinavyoua wadudu, na usindikaji wake nchini umekuwa na makao Nakuru kwa miongo mingi. Wapo wanaopanda maua hayo kuzunguka kibaraza wakiamini kwamba yatafukuza mbu yakiwa yamesimama, lakini sumu yake imo ndani ya ua na hutoka likikaushwa na kusagwa. Kwa kuwa mwanga wa jua huivunja upesi, hutumiwa vizuri zaidi jua likishatua, na mbali na samaki na nyuki, ambao sumu hiyo huwadhuru.

Nyama choma na kahawa ya jioni huleta jiko la makaa uwanjani, yawe makaa ya kawaida au vibonge kama vinavyotengenezwa mjini Nakuru na kampuni ya Nawasscoal kutokana na kinyesi cha binadamu kilichokaushwa na kuchomwa pamoja na vumbi la mbao. Hapa liko onyo ambalo halipaswi kupuuzwa. Baridi ya saa tatu usiku hushawishi familia kuliingiza jiko ndani na kufunga madirisha, ilhali makaa yanayokaribia kuzimika bado hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu usingizini. Jiko libaki nje hadi lizimike kabisa. Joto la usiku litafutwe kwenye mablanketi yaliyoanikwa mchana.

Mpangilio wa kazi na gharama

Baadhi ya mambo yaliyotajwa hufaa kufanywa kiangazi chenyewe na mengine hayafai. Desemba na Januari ni miezi ya kusafisha na kurekebisha mifereji ya paa, kupaka rangi, kuweka dari, kumwaga changarawe na kufunga wavu wa kivuli. Februari ni mwezi wa kuchimba mashimo ya miti, yenye upana na kina cha takriban sentimita 60, na kuyachanganyia samadi iliyooza, lakini miche haitiwi shimoni mpaka mvua za masika zianze kunyesha kwa mfululizo, kwa kawaida mwishoni mwa Machi au mwezi wa Aprili. Mche ulionunuliwa barabarani Januari na kupandwa juani kwa kawaida hufa, au hunywa maji ambayo familia ingeyatumia kwa mengine.

Kwa familia yenye fedha kidogo, mfuatano wenye faida ni huu: mifereji na tangi, kifuniko cha ardhi karibu na mlango, kivuli cha upande wa magharibi, dari, rangi, na kisha vyombo. Vifaa vya mwanzo wa orodha hiyo havionekani vizuri pichani na wageni hawavisifu, lakini ndivyo vinavyoamua kama vile vya mwisho vitadumu msimu mmoja au mitano. Zaidi ya hayo, vingi kati yake hutegemea mvua iliyotangulia, na kwa hiyo familia itakayofurahia uwanja wake Januari ijayo ni ile itakayokuwa na tangi lenye mifereji mizima na miche ardhini kabla masika ya mwaka huu hayajapita.